Nani anakulaka mega zako usiku?

Wiki mbili zilizopita mama mmoja anayeuzaka samaki wadogo wa sambaza pale soko ya Kadutu alikuja kwenye meza yangu, telefone ameifunga ndani ya kitambaa, akaiweka mbele yangu pole pole kama mtu kaleta mtoto mgonjwa. "Fundi, hii kitu inakulaka mega za intaneti hata nikiwa nalala. Jana usiku njo nilinunua forfe ya mega, asubuhi naamka naambiwa zimeisha, na sijafungua hata WhatsApp." Mtoto wake alishamwambia ni virusi, jirani akamwambia kuna mtu anamsikiliza, yeye mwenyewe alikuwa na hakika kampuni ya rezo, yaani ya mtandao, inamwibia. Nafanya kazi ya telefone na rezo hapa Bukavu miaka sasa na haya malalamiko nimeyasikia mpaka nimechoka, siku hiyo nikasema basi, hii moja naifuatilia mpaka mwisho, nione hizo mega zinaendaka wapi.

Nikamwomba aniachie usiku mmoja tu. Nikatoa SIM, nikafunga programu zote zilizokuwa wazi, nikaunganisha telefone na wifi yangu ya nyumbani, ile ambayo kila kinachopita kinapita kwanza kwenye laptop yangu. Niwaeleze kidogo hapa, kwa sababu yaliyobaki yote yanasimama hapo. Telefone ikitaka kuongea na seva fulani, kwanza inauliza anwani ya hiyo seva, kama mgeni ameshuka Nyawera anauliza kwa fulani ni wapi, halafu ndo inatuma mzigo. Mzigo umefungwa kwa alama za siri, siwezi kusoma kilicho ndani, lakini lile swali mara nyingi linaonekana, uzito unaonekana na saa inaonekana. Yaani naiona bahasha inaenda kwa nani, ni nzito au nyepesi, barua yenyewe siisomi.

Saa nne kamili usiku nikaiweka mezani, skrini imezimwa, hakuna mtu anaigusa. Saa nne na dakika mbili ikauliza anwani ya kwanza. Dakika tatu baadaye, nyingine. Nilikaa karibu saa nzima naangalia mistari inaongezeka kwenye laptop, telefone yenyewe nyeusi kabisa, hata ka-taa kadogo hakawaki. Saa nane na robo, mtaa mzima umelala, ikashusha karibu mega 14 kwa mara moja halafu ikanyamaza. Kufika saa kumi na moja alfajiri ilikuwa imekula mega 38 na imeongea na anwani 23 tofauti, na mwenye telefone alikuwa kwake Kadutu, amelala.

Nikazipanga zile 23 moja moja. Uzito mkubwa ulikuwa wa kushusha vitu. Duka la programu la kiwanda kilichotengeneza telefone lilikuwa linasasisha programu ambazo mama hajawahi kufungua, na zile picha nzuri zinazobadilika kwenye skrini ikiwa imefungwa, ambazo yeye alidhani ni pambo tu, kumbe zinaletwa mpya kila mara pamoja na matangazo yake. Hizo mbili ndo zilikuwa zinamaliza forfe. Lakini zilizonikaa kichwani ni zile bahasha ndogo ndogo zinazotoka, kilobaiti chache chache tu. Programu ya tochi, tochi ya kuwasha na kuzima, ilikuwa inaongea na kampuni tatu za matangazo. Ya hali ya hewa, hivyo hivyo. Halafu kiwanda na Google, kila baada ya dakika chache, usiku kucha.

Ndani ya hizo bahasha kunakuwaga nini? Mimi sikuzifungua ila kuna waliofungua. Mwaka 2021 Douglas Leith, profesa wa Trinity College Dublin, alichukua iPhone na Pixel ya Google akaziacha zimetulia, akakuta zote mbili zinaripoti kwa waliozitengeneza, Apple na Google, kwa wastani wa kila dakika 4 na nusu. Zinatuma IMEI (namba ya kuitambulisha telefone), namba ya mfululizo ambayo kiwanda kimekipa kifaa, namba ya SIM, mpaka namba ya simu yako, na zinatuma hata ukiwa umekataa kwenye mipangilio. Pixel ilikuwa inatuma kwa Google karibu mega 1 kila saa 12, iPhone kwa Apple karibu kilobaiti 52. Google walipinga namna alivyopima. Lakini hata ukichukua hesabu hiyo peke yake, mega 2 kwa siku ni mega 60 kwa mwezi, na kwa mtu anayenunua forfe ya siku moja moja hizo 60 ni pesa. Na iPhone nayo isisifiwe sana, juu yeye huyo huyo alikuta inatuma kwa Apple anwani za wifi na za vifaa vilivyo jirani pamoja na mahali vilipo, yaani hata wewe usiye nayo, ukikaa karibu na mwenye nayo, kifaa chako kinaweza kuandikwa.

Mwaka huo huo Leith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh wakapima Samsung, Xiaomi, Huawei na Realme. Zote zilikuwa zinatuma data nyingi kwa kiwanda na pia kwa kampuni nyingine ambazo programu zao zimewekwa kabla hujanunua, Google, Microsoft, LinkedIn, Facebook. Hizo programu unazikuta zimo tayari, hujaziomba, na nyingine hazitoki. Kwenye zote walizopima ni mfumo mmoja tu, unaoitwa /e/OS, ambao haukutuma karibu chochote, kwa hiyo inawezekana kabisa kutengeneza telefone isiyoripoti, wasituambie haiwezekani.

Na jambo la mega limeshafika mahakamani. Julai 2025 wazee wa baraza pale San Jose, California, waliamua Google ilipe zaidi ya dola milioni 314 kwa watumiaji wa Android wa jimbo hilo, kesi ilikuwa imefunguliwa tangu 2019. Hoja ya hao watumiaji ilikuwa ile ile ya mama wa sambaza: telefone imelala mezani, inatumia mega nilizolipia mimi, kwa faida yako wewe, na hukuniuliza. Google walisema watumiaji walikubali kwenye masharti na kwamba watakata rufaa. Niliposoma habari hiyo nilifurahi, halafu nikaumia, juu wale ni wa California, na mega ya Bukavu inaliwa kwa njia ile ile.

Sisi tunajua vizuri kukatwa bila kuulizwa. Mnakumbuka RAM, ile tozo ya kusajili telefone iliyoanza 2020, dola 1 kwa mwaka kwa katelefone kadogo ka 2G na dola 7 kwa 3G na 4G, inakatwa kwenye yunite, yaani salio la simu. Watu walipiga kelele nchi nzima mpaka ikaondolewa 2022. Na walipiga kelele juu waliona: yunite ilikuwepo, mara haipo, na mesaje imekuja. Hii ya mega haileti mesaje, inakatwa kidogo kidogo ukiwa umelala, asubuhi unamshtaki mtoto kwamba ameangalia video.

Tena kuna mabaya kuliko hayo. Mwaka 2016 wachunguzi wa Kryptowire, kampuni ya usalama wa telefone, walikuta kwenye telefone za BLU R1 HD zilizokuwa zinauzwa Marekani programu ya kampuni ya Adups, imewekwa ndani kabisa ya mfumo, inatuma mesaje nzima nzima na orodha ya simu ulizopiga kila baada ya saa 72 kwenye seva za China. Sisemi majina ya watu waliokupigia tu, nasema maneno ya mesaje yenyewe. Na mwaka 2020 kampuni ya Upstream ilisema imekuta kwenye Tecno W2, telefone ya bei ya chini iliyouzwa Ghana, Cameroon, Ethiopia, Misri na Afrika Kusini, programu mbaya za Triada na xHelper zikiwa zimo tangu dukani, zinawaandikisha watu kwenye huduma za kulipia na kula yunite zao. Wenye kiwanda, Transsion, walisema ni mtu wa katikati kwenye mnyororo wa usambazaji ndo aliziingiza. Inawezekana kabisa, lakini mnunuzi atajuaje, karatasi ya boksi haijachanwa.

Sasa nifike kwenye neno la kukubali, juu hapo ndo pananiuma zaidi. Sheria yetu ya Congo ipo, Code du numérique, sheria ya mambo ya dijitali ya Machi 2023, na inataka mwenye data akubali kabla data yake haijachukuliwa. Nikamuuliza mama, siku ulinunua hii telefone nani aliifungua? "Ule kijana wa duka. Alifungua boksi, akaiwasha, akafinya finya, akanipa." Yule kijana ndo alifinya "nakubali" zote, labda mara kumi, kwa Kifaransa, bila kusoma hata mstari, na mama amesimama pembeni anahesabu chenji. Hata konti ya Google aliifungua yeye, kwa jina alilobuni, na nywila mama haijui mpaka leo. Kwenye seva huko mbali imeandikwa mtumiaji amekubali. Nani? Telefone nyingi ninazofungua hapa mezani zimekubaliwa hivyo hivyo na mtu wa duka, na naomba vijana wa maduka mnaosoma hii, mpeni mtu telefone yake mkononi, msomeeni, acheni afinye mwenyewe.

Kuhusu yule jirani aliyesema kuna mtu anamsikiliza. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walipima programu zaidi ya 17,000 za Android wakitafuta zinazowasha maikro kwa siri, hawakupata hata moja inayotuma sauti hivyo. Walichopata ni baadhi zinazopiga picha ya skrini na kuituma kwa kampuni nyingine. Kwa hiyo usihangaike kufunika maikro, angalia programu ulizoziruhusu.

Nilichofanya kwenye telefone ya mama hata wewe unaweza. Ingia Paramètres (mipangilio), tafuta panapoonyesha kila programu imekula mega ngapi, utashtuka, halafu zile usizozijua zima ruhusa ya kutumia data ikiwa nyuma, na washa Économiseur de données (kiokoa data). Nilizima zile picha za skrini, nikaondoa tochi ya matangazo juu telefone ina tochi yake, nikazuia duka la kiwanda, na kila programu iliyokuwa na ruhusa ya mahali nikaiuliza ya nini. Kwenye sehemu ya Google, upande wa matangazo, nikafuta ile namba ya utambulisho wa matangazo, Android za karibuni zinaruhusu. Alikuwa pia na WhatsApp ya rangi rangi, siyo ile halisi, mpwa wake alimtumia kwa Bluetooth. Hiyo nilimwomba tuitoe mara moja, juu mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilikuta Triada ndani ya FMWhatsApp, moja ya hizo WhatsApp zisizo halisi, na hizi za kugeuzwa geuzwa hakuna anayejua nani kazigusa njiani. Tulipoteza picha chache za harusi ya dada yake, zile ambazo hatukuwahi kuzihifadhi, nilimwomba msamaha kwa hilo.

Konti ya Google tukafungua mpya, kwa jina lake, nywila ameiandika mwenyewe kwenye daftari lake la madeni.

Halafu nikarudia usiku ule ule, meza ile ile, saa nne mpaka saa kumi na moja. Kutoka mega 38 zilishuka mpaka 3 na kidogo, kutoka anwani 23 zikabaki 6. Nne ni zake kweli, WhatsApp na saa ya telefone na mambo kama hayo. Mbili, ya kiwanda na ya Google, ziliendelea kuita kila baada ya dakika chache kama hakuna kilichobadilika, na kwenye Paramètres nzima sikuona mahali pa kuzizima. Nilimwonyesha mama ile mistari miwili kwenye laptop. Akaiangalia muda, akaniuliza, "Na hizi, wananilipaka?"