Paka na mimba: msimfukuze bure
Huku Ngamiani, Tanga, ukishika mimba tu mashoga wanaanza, mtoe huyo paka, manyoya yatamdhuru mtoto. Jamani manyoya hayana kosa. Kinachoogopwa ni kimelea kinaitwa toksoplasma, kinatoka kwenye kinyesi cha paka alieambukizwa, tena kile cha leoleo hakiambukizi, kinachukua siku 1 mpaka 5 ndo kiwe na madhara, kwahiyo mchanga anaojisaidia utolewe kila siku na autoe mumeo (atanuna, mwache anune). Mi wangu mimba nzima kalala miguuni ananguruma, nikishika mgongo wake mawazo yote kwisha. Na haohao wanaomuogopa paka jioni utawakuta barabara ya 12 wanakula mishikaki nusu mbichi, wakati toksoplasma inapitia na huko!