Meli Nne Ni Meli Moja na Chenji

"Pwani yetu ya Tanzania ni kilomita 1,424, halafu meli vita zenyewe unazihesabu kwa vidole! Majirani watatupita." Sentensi hii, kwa kubadilisha maneno mawili matatu, imenifikia mara nyingi mno. Basi naijibu mara moja hapa, ili siku nyingine nitume kiungo tu na kuendelea na kazi.

Kuhesabu meli ni sawa na kuhesabu sufuria za mama ntilie ukitaka kujua kalisha watu wangapi. Jeshi la wanamaji hupangwa kwa siku za baharini: siku ambazo meli iko pale unapoitaka, ina mafuta, rada inawaka, na wanamaji wake wamelala vya kutosha. Idadi ya meli hutoka mwisho wa hesabu. Wamarekani waliandika namba 355 kwenye sheria mwaka 2017, na miaka yote iliyofuata wamekuwa wakizunguka chini kidogo ya 300. Sheria haichomelei bamba.

Mkazi wa Kigamboni anajua hili bila kufundishwa. Pale Magogoni kuna vivuko vitatu kwa hesabu ya makaratasi: MV Magogoni, MV Kigamboni na MV Kazi. MV Magogoni ilipopelekwa Mombasa kwa matengenezo mwaka 2023, hakuna aliyesimama kwenye foleni ya pantoni akajifariji kwamba "lakini tunavyo vitatu."

Haya, hesabu yenyewe. Chukua eneo moja tu la doria, tuseme mashariki ya Mafia, na unataka meli moja iwepo siku zote 365. Meli ya doria ya mita 60 yenye kundi moja la wanamaji hutoa kama siku 130 za baharini kwa mwaka bila kujichosha. Siku nyingine zinakwenda chelezoni (meli inapotolewa majini kukarabatiwa), kwenye matengenezo ya gatini baada ya kila safari, kwenye likizo, na kwenye mafunzo, maana askari wapya huja kila mwaka na hawajui valvu ya zimamoto iko upande gani. Nyingine zinaliwa na kusubiri vipuri. Safari ikiwa ya siku 14, moja ya kwenda na moja ya kurudi, zinabaki 12 za kazi. Kwa hiyo 130 mara 12 gawanya kwa 14: siku 111. Gawanya 365 kwa 111 unapata 3.3. Hakuna theluthi ya meli, basi ni nne. Meli nne ili moja iwe baharini. Chenji inayobaki si ziada, ni akiba ya siku gia itakapokataa. Waingereza wamekuwa na nyambizi moja yenye makombora ya nyuklia baharini muda wote tangu 1969, na ili kuipata hiyo moja wanamiliki nne.

Sasa ungamo ambalo vitabu hulificha: hiyo 130 ni makadirio. Meli mpya inaweza kufika 150 na kupita. Meli ya miaka ishirini na tano inaweza kushukuru ikipata 80. Wapangaji karibu wote hutumia namba moja kwa maisha yote ya meli, kana kwamba chuma hakizeeki, na mimi nimefanya vivyo hivyo aya moja iliyopita.

Kuna wanaosema dawa ni kuweka makundi mawili ya wanamaji kwa meli moja. Kwenye hesabu inapendeza: ukifikisha siku 200 za baharini, meli tatu zinatosha. Kwenye chumba cha injini ni hadithi nyingine. Kundi linaloondoka huwaachia wanaokuja pampu inayovuja, nao huwaachia wenzao. Wamarekani walijaribu makundi matatu kwa meli mbili kwenye zile meli zao ndogo za kivita za pwani, ziitwazo LCS, wakaachana na utaratibu huo mwaka 2016. Sisemi haiwezekani. Nasema inadai daftari la matengenezo linaloheshimiwa kuliko cheo cha mtu, na hilo ni gumu kulinunua kuliko meli.

Ndipo tunafika kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote: imani kwamba meli iliyo baharini "inaona" bahari. Rada ya kawaida ya meli huona mpaka upeo wa macho, na zaidi kidogo. Kanuni ni 2.2 mara jumla ya kipeuo cha pili cha kimo cha antena na kipeuo cha pili cha kimo cha shabaha, kwa mita, na jibu huja kwa maili za baharini. Antena ikiwa mita 16 juu ya maji na chombo unachokitafuta kina kimo cha mita 4, ni 2.2 mara 6: maili 13.2, yaani kilomita 24 na ushee. Chora duara la nusu kipenyo hicho, unapata kilomita za mraba kama 1,870. Ukanda wetu wa kiuchumi wa bahari ni takriban kilomita za mraba 223,000. Unahitaji maduara karibu 120, na wewe una moja.

Utasema meli inatembea. Sawa. Kwa noti 12 (maili 12 za baharini kwa saa) mchana na usiku inafagia takriban kilomita za mraba 26,000 kwa siku, hivyo siku tisa kuumaliza ukanda mara moja. Lakini mvuvi haramu naye anatembea. Ulipofagia Jumatatu, Jumanne amerudi. Na hiyo hesabu ya rada ni ya ukarimu. Jahazi la mbao hurudisha mwangwi hafifu sana, na bahari ikichafuka mwangwi huo humezwa na wa mawimbi. Hapo maili 13 zinaweza kuwa tano, na hakuna jedwali la kukupa namba kamili.

Ndiyo maana fedha ya kwanza katika mpango wenye akili haiendi kwenye meli. Inaenda kwenye macho: ndege ya doria, rada za pwani, picha za setilaiti, na chumba kimoja ambamo watu wa uvuvi, bandari, polisi na wanamaji wanatazama ramani moja. Ndege ikiwa mita 3,000 juu, upeo wake wa rada kwa chombo kilekile unazidi maili 120. Meli inakuwa mkono, inatumwa mahali palipokwisha kuonekana. Mpango wa meli kumi bila ndege unashindwa na mpango wa meli nne na ndege mbili, na sina subira ya kubishana juu ya hilo.

Ukubwa wa meli nao huchaguliwa na bahari, si na fahari. Wakati wa kaskazi boti ya mita 20 inafanya kazi nzuri ukingoni mwa pwani. Kusi ikishika, boti hiyohiyo maili 100 kutoka nchi kavu inabeba watu wanaotapika, wasioweza kushusha mtumbwi wa mpira kwenda kukagua chombo. Urefu ndio unaotuliza meli, na urefu ni bei rahisi: kuongeza mita kumi za chuma katikati ya ubavu ni sehemu ndogo ya gharama, kwa kuwa fedha nyingi iko kwenye injini, nyaya, rada na silaha. Wanunuzi hukata urefu ili waonekane wamebana matumizi, halafu wanapata meli iliyosongamana ambayo fundi akitaka kufikia pampu moja anafungua mabomba matatu.

Mwendo, kwa kifupi: nguvu ya injini hukua takriban kwa mchemraba wa mwendo. Ukitaka mwendo mara mbili, andaa nguvu mara nane. Boti ndogo za kasi zitashushwa na meli kubwa inayokwenda noti 20. LCS zilidai noti 40 na zaidi, na gia ya kuunganisha injini kwenye aina ya Freedom ikawa balaa. USS Sioux City, mojawapo ya hizo, iliingia kazini 2018 ikastaafishwa 2023.

Chelezo. Kabla ya kutazama picha nzuri za muuzaji, uliza meli hii itapanda wapi. Kwa kanuni za mashirika ya ukaguzi, meli ya chuma hufanyiwa ukaguzi mkubwa kila miaka 5, na ndani ya muda huo hutolewa majini mara mbili, bila kupita miezi 36 kati ya mara moja na nyingine. Kila ikipanda: kukwangua mwani na makombe, kupima unene wa mabamba kwa mawimbi ya sauti na kukata yaliyopungua karibu robo, kubadilisha vipande vya zinki, kufungua valvu zote za maji ya bahari, kupima ulegevu wa shafti ya rafadha, kisha rangi. Maji yetu ya joto hayasamehe. Meli inayolala gatini huota bustani chini haraka kuliko inayotembea, na bustani hiyo inalipiwa kwa dizeli.

Chelezo cha reli kinachotegemea maji kujaa kina masharti yake. Kwenye bamvua hapa Dar maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na meli yenye kina kirefu hupandishwa siku hizo tu. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Winchi ikigoma siku hiyo umepoteza wiki mbili, na meli iliyokuwa zamu inayofuata imepoteza zake pia. Hili halionekani kwenye mpango wowote wa kurasa 200.

Ukipuuza upande huu, mifano haiko mbali. Afrika Kusini ilinunua kutoka Ujerumani frigeti nne (meli vita za ukubwa wa kati) na nyambizi tatu, meli nzuri sana, na fedha ya matengenezo ilipokauka nyingi zikabaki zimefungwa gatini kwenye kituo chao cha Simon's Town. Msumbiji mwaka 2013 ilikopa dola milioni 850 kupitia kampuni moja ya serikali, Ematum: boti 24 za uvuvi na tatu za doria, kwa mkupuo. Boti za uvuvi ziliishia kupigwa jua gatini Maputo.

Huo mkupuo ndio ugonjwa wenyewe. Ukubwa wa jeshi la wanamaji ni kasi ya kujenga mara umri wa meli. Unataka meli nane, kila moja iishi miaka 24: basi ni meli moja kila miaka mitatu, bila kuchoka, milele. Ukinunua nane kwa pamoja unapata sherehe, halafu zinazeeka pamoja. Mwaka wa 12 zote zinataka injini zifunguliwe, na chelezo ni kimoja. Waingereza walipoacha pengo refu kati ya nyambizi za Vanguard na za Astute, mafundi wa yadi ya kujenga meli ya Barrow walitawanyika, mpaka ikabidi wataalamu wa kampuni ya Electric Boat waitwe kutoka Marekani kuja kuwasaidia.

Hapa nina shaka yangu. Meli moja kila miaka mitatu haitoshi kulisha yadi. Mchomeleaji mwenye cheti hawezi kukaa bila kazi miezi minane, atakwenda kwenye matenki ya mafuta na hutamrudisha. Kwa hiyo yadi lazima ile pia kwenye pantoni, matagi na boti za uvuvi. Zikiagizwa kila moja na wizara yake, kwa michoro yake na injini za kampuni tofauti, yadi haijifunzi kitu. Zikipangwa kwenye foleni moja, pengine inawezekana. Nimesema pengine.

Na "tujenge wenyewe" ina ngazi. Wahindi huigawa meli vita katika mambo matatu: kuelea, kutembea na kupigana. Mwili unaoelea wanaujenga karibu wote kwao, mitambo ya kutembea kwa sehemu, na silaha kwa sehemu ndogo zaidi, na hiyo ni baada ya miaka zaidi ya sitini tangu wajenge meli vita INS Ajay mwaka 1961. Nigeria ilianza na boti ya doria NNS Andoni ya mita 31 mwaka 2012, si na frigeti. Kuunga vipande ni kazi halali pia: Liemba ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafumuliwa, ikaja kwa makasha kupitia bandari yetu hii na reli mpaka Kigoma. Ila kuunga si kusanifu, na anayechanganya hayo mawili hubaki akisubiri mchoro wa mwenzake kila anapotaka kuhamisha ngazi.

Ndani ya yadi kuna kanuni ya 1-3-8: kazi ya saa moja karakanani huwa saa tatu ikifanyiwa kwenye kipande cha meli, na nane meli ikiwa tayari majini. Kwa hiyo anayebadili mawazo baada ya chuma kukatwa anazidisha gharama mara nane kwa mdomo tu. Frigeti za Constellation za Marekani zilichukuliwa kutoka mchoro wa Ulaya uliokwisha kujengwa, ukarekebishwa na kurekebishwa mpaka ufanano ukashuka kutoka asilimia 85 iliyokusudiwa hadi chini ya 15. Ujenzi ulianza mchoro haujaisha, na Novemba 2025 mradi ukakatwa, zikabaki meli mbili za kwanza.

Kwa anayetaka kuanza kesho: gia, injini na shafti huagizwa mwaka mmoja au zaidi kabla ya bamba la kwanza kukatwa, kwa sababu kiwanda cha gia kina foleni yake na hakijali ratiba yako ya uzinduzi. Hizo kwanza. Jina la meli lisikupe shida, kwa kawaida hilo hupatikana mapema mno.