Faili lako limerudi na mistari myeusi: soma namba iliyo pembeni

Wengi wanaoomba nakala za faili zao za uhamiaji nchini Marekani hupokea kurasa zilizofutwafutwa kwa wino mweusi, wakavunjika moyo na kuziweka kabatini. Tafadhali usifanye hivyo. Pale palipofutwa huandikwa namba fupi kama (b)(6) au (b)(5), nayo inakueleza sheria iliyotumika kukunyima.

Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 1966, ambayo ndiyo hutumika kuomba faili kama hilo, ina vipengele tisa vinavyoiruhusu serikali kuu kuzuia taarifa, na namba hizo hutaja kipengele kimojawapo. Kipo cha siri za ulinzi, kipo cha siri za biashara, na kipo hata cha taarifa za kijiolojia za visima, ambacho pengine hutakutana nacho kamwe.

Katika faili la mtu binafsi utakutana sana na (b)(6) na (b)(7)(C), vinavyolinda faragha ya watu wengine. Tuseme kaka yako alihojiwa, na maelezo yake yakawekwa kwenye faili lako. Tarehe yake ya kuzaliwa na anwani yake vitafutwa, hata kama mnaishi nyumba moja, kwa sababu haki ya kuvificha ni yake. Akiandika na kutia saini kwamba anaridhia upewe, kizuizi hicho mara nyingi huondoka. Kama amefariki, ambatisha uthibitisho wa kifo. Usipokuwa na ridhaa, itabidi uonyeshe manufaa ya umma, na Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1989 kwamba manufaa yanayohesabika hapo ni kuanika utendaji wa serikali yenyewe. Udadisi juu ya jirani haumo.

Kipengele cha (b)(5) ndicho ninachoona kinafaa kuhojiwa zaidi. Kinalinda, pamoja na mengine, mashauriano ya maafisa kabla ya uamuzi. Lakini maoni ya afisa ni kitu kimoja, na ukweli mtupu, kama tarehe ya usaili, ni kitu kingine. Ukweli huo kwa kawaida hautakiwi kufichwa. Tena tangu marekebisho ya mwaka 2016, kutoshea kwenye kipengele pekee hakutoshi: idara lazima ione madhara yanayoweza kutokea taarifa ikitolewa. Mashauriano yaliyoandikwa miaka 25 au zaidi kabla ya ombi lako hayalindwi tena kwa hoja hiyo.

Raia na wenye ukaazi wa kudumu wana mlango wa pili, Sheria ya Faragha ya mwaka 1974, inayowaruhusu pia kuomba makosa kwenye kumbukumbu zao yasahihishwe.

Ukinyimwa, una angalau siku 90 za kukata rufaa ndani ya idara hiyo hiyo, na huhitaji wakili. Taja namba ya ombi, ukurasa, kipengele kilichotumika, na sababu unayoona hakifai hapo. Omba pia kila sehemu inayoweza kutenganishwa na iliyozuiwa, kwa kuwa sheria inaagiza itolewe. Siku huhesabiwa kuanzia uamuzi ulipotolewa, kwa hiyo tazama kwanza tarehe iliyo kwenye barua.