"Pale pana jini": tunayoambiana Kigoma kuhusu ajali za barabarani

Natengeneza pikipiki Mwanga, hapa Kigoma mjini. Ajali nyingi sizioni zikitokea. Naziona kesho yake, zikisukumwa na vijana wawili mpaka mlangoni kwangu. Shokapu za mbele zimerudi nyuma kama miguu ya panzi: huyu aligonga kitu kilichomkatiza. Pedeli ya gia imekunjwa, usukani umekwaruzwa upande mmoja: huyu aliteleza. Keria imeingia ndani na taa ya nyuma imesagika: aligongwa kwa nyuma, na nikiuliza naambiwa taa yenyewe ilikuwa haiwaki tangu mwezi uliopita. Nimezoea kuisoma ajali kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Akikifungua, anasimulia mambo ambayo chuma kilicho mbele yangu hakiyakubali.

"Ajali haina kinga, fundi."

Neno lenyewe, "ajali", linatuponza. Tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni muda uliokwisha kuwekwa, siku ya mtu kuondoka duniani. Ndiyo maana mtu akishasema "ni ajali" hakuna wa kuuliza tena. Siku ya kufa sibishani nayo, ina mwenyewe. Ila jambo la bahati tupu lisingekuwa na mazoea ya kurudi mahali palepale, saa ileile, kwa watu walewale. Hizi za kwetu zinarudi, na vipuri ninavyoagiza vinafuata kalenda: mvua zikianza, natafuta pedeli na vioo vya pembeni.

"Pale pana jini"

Kuna makutano fulani, barabara ya vumbi inakotoka kilimani na kuingia kwenye lami, ambayo watu wameyapa jina baya. Wapo waliomwona mwanamke wa mavazi meupe. Dua imesomwa pale zaidi ya mara moja, na sina neno na dua. Lakini pikipiki tatu ziliponifikia kutoka pale ndani ya wiki mbili, zote zimelalia ubavu wa kushoto, nilikwenda kuangalia kwa macho yangu asubuhi moja baada ya mvua.

Mtaro umeziba. Maji yanashuka na barabara ya vumbi, yanamwaga mchanga na changarawe juu ya lami, kipande cha ukubwa wa mkeka. Jua likiwaka maji yanakauka, mchanga unabaki, na rangi yake ya kutu huioni kirahisi ukiwa unakuja. Dereva anapinda kushoto akiwa ameilaza pikipiki, tairi la mbele linakanyaga mchanga, linamponyoka. Hapo hakuna wa kulaumiwa anayevaa nguo nyeupe.

Halafu kuna mwembe. Shina lake linamziba anayeshuka na lami mpaka wewe unayetoka mtaani uwe umeshatoa gurudumu la mbele barabarani. Nilihesabu hatua kutoka mwembeni hadi makutano: 20. Sasa fanya hesabu. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja inaondoka mtu anashtuka tu, kisha anahitaji mita nyingine kama 14 za kubana breki mpaka asimame, kwenye lami kavu na breki nzima. Jumla mita 28. Hatua zangu 20 hazifiki hapo.

Mama anayekaanga migebuka kando ya makutano huwa anaufagia ule mchanga. Hafanyi hivyo kwa ajili ya usalama, anachoka na vumbi kwenye karai lake. Wiki anazofagia, wateja wa kuteleza kutoka upande ule sipati.

"Ajali za kuogopa ni za mabasi"

Basi linaondoka giza halijatoka, kwenda Mwanza au Dar es Salaam, na nyumba nzima inamwombea msafiri. Msafiri huyohuyo amefika stendi kwa pikipiki, yeye, mtoto na begi, mshikaki kamili, na kwa kipande hicho hakuna aliyemwombea.

Basi likipinduka taifa zima linajua, kwa hiyo linakaa kichwani. Lakini kati ya watu wapatao milioni 1.19 wanaokufa barabarani duniani kila mwaka, zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Wanakufa mmojammoja, karibu na kwao, na mmojammoja hatangazwi.

Wengine hata kuhesabiwa hawahesabiwi. Kwa mwaka 2016 Tanzania iliripoti vifo 3,256 vya barabarani. Shirika la Afya Duniani lilipokadiria kwa njia zake, lilipata zaidi ya 16,000. Watu hushangaa tofauti hiyo imetoka wapi. Mimi sishangai, kwa sababu naona tunavyomalizana. Wawili wanagongana, wanainuana, mwenye kosa anatoa hela ya dawa na ya shokapu, trafiki hajapigiwa simu. Yule mwingine akianza kuumwa kichwa wiki ya pili na kufariki nyumbani, msibani tunaambiwa alisumbuliwa na kichwa.

"Hatari ni usiku wa manane"

Saa sita usiku barabara ya Lumumba ina mbwa na walinzi. Walevi wapo, ndiyo, na pombe inaua, hilo halina mjadala. Ila mimi saa zangu za wasiwasi ni mbili, na zote mbili zinatokana na mahali Kigoma ilipo kwenye ramani.

Saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita baharini huko, hata Ngazija imeachwa upande wa magharibi yake. Kigoma tupo karibu na nyuzi 30. Kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa ya ukutani kwa takriban saa nzima, na nyuma ya jua la Dar es Salaam kwa dakika zipatazo 40. Wakati mtu wa Dar anakunywa chai juani, huku Ujiji bado tunapapasa kandambili.

Kengele ya shule haijui hayo. Mwezi wa saba jua linatoka saa moja imeshapita. Mtoto anayetakiwa darasani mapema anakuwa njiani saa kumi na mbili na nusu, na hiyo kwetu ni giza la kijivu, unaona umbo la mtu lakini huoni anaelekea wapi. Shati la shule ni jeupe, lingemsaidia, ila asubuhi za Julai zina baridi, juu ya shati kuna sweta la rangi nzito. Wakati huohuo bodaboda wanatoka kuwahi abiria wa kwanza, wengine taa zimezimwa. Nikimuuliza kijana kwa nini, ananijibu, "Fundi, si kumeshapambazuka? Nalinda betri."

Yeye anaona, ni kweli. Taa ya asubuhi kazi yake ni kumfanya yeye aonekane.

Jioni ni hadithi hiyohiyo imegeuzwa. Magharibi inaadhiniwa kwetu karibu na saa moja, saa ambayo Ujiji wanaume wanavuka kwenda msikitini, akina mama wanarudi sokoni, na vijana wa pikipiki wanakimbizana na hesabu ya tajiri, hela ya siku ya mwenye pikipiki, ambayo haijatimia. Mchana umeisha, taa za maduka hazijashika. Mpe mtu dakika ishirini hizo, kisha ndipo giza linakuwa giza na kila mmoja anawasha.

"Barabara ikiwa nzuri ajali zitapungua"

Zinabadilika sura. Barabara ya makorongo iliniletea rimu zilizopinda na watu waliochubuka magoti. Lami inaleta tangi lililobonyea kifuani kwa mtu. Mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa takriban asilimia 4. Na mtu wa miguu akigongwa na gari lenye mwendo wa 65, uwezekano wake wa kufa ni kama mara nne na nusu ya angegongwa kwa 50. Sheria yetu inasema 50 kwenye makazi ya watu. Mwandiga ni makazi ya watu, hata kama njia imenyooka na inakuita.

"Breki ya mbele inapindua"

Hii ndiyo inayonigombanisha na wateja.

"Fundi, ifunge hiyo ya mbele, itakuja kunimwaga."

Nusu ya pikipiki za kijiwe cha jirani waya wa breki ya mbele umelegezwa makusudi au umetolewa kabisa, na wenyewe wanajisifu kwamba wanaendesha kwa usalama. Wamefundishana hivyo, kaka kwa mdogo wake.

Angalia pikipiki inapobana breki. Pua inainama, mkia unanyanyuka. Uzito mwingi unahamia mbele, tairi la mbele linakandamizwa barabarani na linashika, la nyuma linakuwa jepesi kama limeazimwa. Kwenye lami kavu, breki ya mbele ndiyo inayobeba karibu asilimia 70 ya kazi ya kusimamisha chombo. Ukibaki na ya nyuma peke yake, utahitaji umbali unaokaribia mara mbili, na gurudumu likijifunga utaanza kuogelea. Zile shokapu zilizorudi nyuma kama miguu ya panzi? Nenda kaangalie waya wa breki wa pikipiki hizo. Mimi nimeangalia.

Wanaosema inamwaga hawajaota, wamemwagwa kweli. Wameikamata ghafla kwa vidole vinne, au wameikamata wakiwa wamepinda, au juu ya mchanga kama ule wa mwembeni. Hapo itakulaza, nakubali. Breki ya mbele inabanwa usukani umenyooka, polepole kisha kwa nguvu, kama mtu anavyokamua ndimu. Mchanga ukiuona mbele, umalize mwendo kabla hujaufikia. Jambo la kujifunza kwa nusu saa uwanjani, na watu wanaona rahisi zaidi kukata waya.

"Kuzima injini mteremkoni kunaokoa mafuta"

Kutoka Mwanga hadi stesheni ni mteremko, na kijana akifika kileleni anazima, anajiachia kimyakimya mpaka chini. Bei ya wese inajulikana, simcheki. Lakini tuhesabu. Pikipiki hizi za injini ya cc 100 na 125, lita moja inazipeleka kilomita 45 hadi 50. Kilomita moja basi ni mililita 20 hivi, vijiko vya chakula viwili visivyojaa. Na mteremkoni mkono ukiwa umeachia mafuta, injini ingetumia hata chini ya hapo.

Alichotoa kwa ajili ya vijiko hivyo ni injini yenyewe, ambayo ikiwa kwenye gia inakushika usikimbie. Sasa mzigo wote uko kwenye breki ya nyuma, maana ya mbele nimeshakueleza habari zake. Viatu vya breki vinapata moto na vikipata moto vinalegea. Na kwenye pikipiki nyingi za aina hii taa ya mbele inawaka kwa mzunguko wa injini: ukizima injini umezima na taa. Kimya, bila taa, mteremkoni, saa moja jioni. Mtu wa miguu anavuka kwa masikio kama anavyovuka kwa macho, na huyu amemnyima vyote viwili.

"Elementi ni za safari ndefu"

Wengine wanaiita helmeti, sisi tumeshaizoea elementi. Ninaiona ikiwa imevaliwa kwenye kiwiko, imetundikwa kwenye kioo, imefungwa kwenye tangi. Inavaliwa akitokea trafiki. Abiria anaikataa kwa sababu ya mapunye na jasho la watu, na hapo ana hoja: aje na kitambaa chake, amalize.

Safari fupi haina lami laini zaidi. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kofia hiyo inapunguza vifo vya watu wa pikipiki kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kinachofanya kazi ni ile povu ngumu nyeupe ya ndani, ndugu wa maboksi meupe ya kupakia samaki wa barafu. Inabonyea badala ya fuvu, na inabonyea mara moja. Ikishapata kipigo imekwisha, hata kama nje inang'aa. Kofia ya plastiki tupu ya mafundi ujenzi haina povu hiyo. Na mkanda usipofungwa kidevuni, kofia inafika chini kabla yako, kisha inaendelea na safari zake.

"Mpe maji kwanza, halafu mtafute PF3"

Maji hapana. Aliyeumia anaweza kupaliwa, na anaweza kuhitaji kupasuliwa muda si mrefu, tumbo linatakiwa tupu. Anayevuja damu, kandamiza jeraha kwa nguo safi na usiachie kila dakika kuchungulia. Usimkunje kama gunia kuingia kwenye bajaji akiwa analalamika shingo au mgongo. Watu wanne wakimbeba amenyooka, kichwa kimeshikwa na mtu mmoja ambaye hana kazi nyingine, wanaweza kumlaza hata nyuma ya pikapu.

Kuhusu PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, nimeona majeruhi anapitishwa polisi damu ikidondoka kwa sababu ndugu wameshikilia kwamba hospitali haitampokea. Fomu ni ya kesi na ya bima. Mwenye hali mbaya anapelekwa hospitali moja kwa moja, na ndugu mmoja ndiye anayekwenda kituoni kuifuata.