Mguu Ukifa Ganzi, Taarifa Imekwama Wapi? Maswali na Majibu Kuhusu Mishipa ya Fahamu

Mwezi uliopita, kwenye kliniki ya kisukari ninakofanya kazi ya uuguzi hapa Moshi, bibi mmoja aliyeshuka na hiace kutoka Kibosho alivua ndala ili nimkague miguu. Ndala ya kushoto ikagoma kutoka. Nilipoinama nikaona mwiba wa mchongoma umepenya soli na kuingia kisiginoni, damu imeshakauka pembeni. Alikuwa ametembea nao tangu nyumbani. "Sijasikia kitu, mwanangu," aliniambia, naye alishangaa kuliko mimi. Waliokuwa kwenye benchi wakaanza kuuliza, na maswali yakaendelea hadi foleni ilipokwisha. Nimeyaandika hapa, na majibu nimeyarefusha kidogo kuliko nilivyoweza siku ile.

Sista, mishipa ya fahamu ndiyo hiyo hiyo inayopitisha damu?

Hapana, ila neno mshipa linatuchanganya. Mshipa wa damu ni bomba. Mshipa wa fahamu, yaani neva, ni fungu la nyuzi nyembamba mno zilizofungwa pamoja, kama nyuzi za kamba ya katani. Kila uzi ni mkia wa seli moja. Neva nene kuliko zote mwilini hushuka nyuma ya paja, nayo inakaribia unene wa kidole. Ndani yake zimo seli ambazo kiini chake kimekaa jirani na uti wa mgongo, huku mkia umefika kwenye dole gumba la mguu. Kwa mtu mzima huo ni urefu wa karibu mita 1. Seli moja, ambayo upana wake huwezi kuuona kwa macho, ina urefu wa mita nzima! Nimesoma hili miaka mingi iliyopita na bado linanistaajabisha.

Wanasema kuna umeme humo ndani. Ni kama huu wa Luku?

Umeme upo kweli, ila mwendo wake ni mwingine. Nje ya uzi wa neva kuna sodiamu nyingi, ile ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Ndani kuna potasiamu nyingi, ile iliyojaa kwenye ndizi zetu. Kwenye utando wa seli kuna pampu ndogo ndogo zisizolala: kila mzunguko hutoa chembe 3 za sodiamu nje na kuingiza 2 za potasiamu. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu potasiamu kidogo huvuja kurudi nje, upande wa ndani hubaki hasi kwa takriban milivolti 70. Ni umeme mdogo sana, lakini ndio uhai wa neva.

Ukikanyaga mwiba, ngozi inabonyea na vijilango vya sodiamu kwenye ncha ya uzi vinafunguka. Sodiamu inaingia kwa kasi, na kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, ndani panakuwa chanya. Badiliko hilo linafungua vijilango vya jirani, navyo vinafungua vya mbele yake, hivyo hivyo hadi mwisho. Fikiria habari ya msiba inavyopanda mlimani. Hakuna mtu anayetoka mjini mbio hadi Mweka. Boma hili linaita boma la pili, la pili linaita la tatu. Na kwa kuwa kila boma linaita kwa sauti yake lenyewe, habari inafika juu na nguvu ile ile iliyoanza nayo. Ndiyo maana taarifa ya kidoleni haififii njiani. Maumivu yakiwa makali, wimbi lenyewe haliwi kubwa zaidi. Mawimbi yanakuja mengi na kwa haraka.

Tunayajua haya kwa msaada wa ngisi. Ana uzi wa neva mnene kiasi cha kuonekana kwa macho, na Waingereza wawili, Hodgkin na Huxley, waliupima kwa kuingiza waya ndani yake. Maelezo yao kamili yalitoka mwaka 1952, na mwaka 1963 wakapata Tuzo ya Nobel.

Nikijikwaa kidole, mbona maumivu huja mara mbili?

Kwa sababu yamepita njia mbili. Nyuzi nyingine zimevikwa ganda la mafuta liitwalo mayelini, lenye mapengo kila baada ya umbali mfupi, na taarifa huruka kutoka pengo hadi pengo. Nyingine hazina ganda. Ule mchomo mkali wa kwanza unapita kwenye nyuzi zenye ganda jembamba, mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Yale maumivu ya kuunguza yanayokufanya ukae chini ushike mguu yanakuja taratibu kwenye nyuzi zisizo na ganda, mita 2 kwa sekunde au chini ya hapo. Nyuzi zenye ganda nene hufika mita 120 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, kutoka Moshi hadi Arusha ni kama dakika 11.

Seli moja ikiisha, taarifa inavukaje kwenda kwa nyingine?

Kwa kemikali. Kati ya seli na seli kuna upenyo mdogo unaoitwa sinapsi. Wimbi likifika ukingoni, seli inamwaga kemikali inayovuka na kuamsha seli ya pili, au kuituliza. Kwenye misuli kemikali hiyo ni asetilikolini. Ikishafanya kazi, kimeng'enya kinaivunja mara moja ili msuli upumzike.

Hapa naomba wakulima wa nyanya na kahawa wanisikilize. Viuatilifu vya kundi la organofosfati vinakizuia kimeng'enya hicho. Asetilikolini inarundikana, na mtu anaanza kutokwa mate na jasho, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya kalamu, misuli inachezacheza, kisha pumzi inabana. Mtoe shambani, mvue nguo zilizolowa dawa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni huku wewe umejikinga mikono, na mkimbizeni hospitali pamoja na kibandiko cha chupa. Msimtapishe. Maziwa siyo dawa ya sumu hii, na muda wa kuyatafuta unahitajika kwa sindano ya atropini.

Na ganzi ya daktari wa meno?

Dawa yake ya ganzi, lignokaini, inaziba vile vijilango vya sodiamu. Jino linaumia, ila habari haiondoki.

Nikikaa kanisani muda mrefu mguu unakufa ganzi. Ni kisukari?

Kama inaisha baada ya dakika chache, hapana. Umeukandamiza mshipa wa fahamu tu.

Sasa kisukari kinafanyaje hadi mtu asisikie mwiba?

Sukari ikikaa juu kwa miaka, inaharibu nyuzi zenyewe pamoja na vimishipa vya damu vinavyozilisha. Nyuzi ndefu zaidi ndizo huumia mwanzo, ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni na kupanda kama soksi. Wengi hutangulia kusikia moto na sindano sindano, hasa usiku, wakidhani ni baridi ya Julai. Ganzi ya namna hii pia huletwa na pombe nyingi, ukoma, upungufu wa vitamini B12 (wanaotumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi wapimwe) na dawa ya kifua kikuu ya isoniazidi, ambayo ndiyo sababu mgonjwa hupewa na vitamini B6.

Kupima hakuumi. Unafumba macho, nami nakugusa unyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa mgandamizo wa gramu 10. Yule bibi nilimgusa mara kadhaa kila mguu. Alikuwa anasubiri nianze.

Mguu wa hivyo usiuweke kwenye beseni la maji ya moto wala karibu na mkaa. Tumeshaona malengelenge ambayo mwenyewe aliyagundua kesho yake.

Neva ikiharibika inapona?

Iliyokatwa mkononi au mguuni inaweza kuota tena, kama milimita 1 kwa siku, ikipata njia. Ndani ya ubongo na uti wa mgongo ni vigumu sana. Ganzi ya kisukari mara nyingi haiondoki yote, lakini sukari ikidhibitiwa, kasi yake inapungua, na mguu unaokaguliwa kila siku haukai na kidonda kisichojulikana.

Mwiba tuliutoa, tukasafisha, tukampa chanjo ya pepopunda. Bibi hawezi kuinama aone nyayo zake. Kazi hiyo kaichukua mjukuu wake wa darasa la tano: kila jioni anammulika kwa tochi ya simu, kidole kwa kidole, na asubuhi anakung'uta viatu kabla bibi hajavaa.