Afya si lazima jimu: dhana tunazobeba hapa Nairobi na ukweli wake

Kila Januari jimu za Nairobi zinajaa hadi watu wanapanga laini kungoja mashine, ikifika Machi wamebaki wale wale wa kila siku. Na si eti hao wengine ni wavivu. Mtu anatoka Githurai ama Rongai kabla jua lichomoze, anarudi usiku amechoka, alafu anaambiwa bila lisaa limoja la jimu na dayeti ya bei, hakuna kitu amefanya. Anaacha yote. Hapo ndio naona hizi dhana zinaumiza watu, juu zinamnyima mtu hata kile kidogo angeweza.

Kubwa yao yote ni hii: "dakika tatu nne za mazoezi hazihesabiki." Zinahesabika sana. Kitambo hata WHO, Shirika la Afya Duniani, walikuwa wanataka zoezi lifike angalau dakika 10 mfululizo, lakini mwongozo wao wa 2020 uliondoa hilo sharti kabisa. Saa hii wanachosema ni mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule mwendo unaweza kuongea lakini kuimba huwezi, na unazikusanya vile siku yako inakuruhusu, ukishuka steji moja kabla ya yako, ukipanda ngazi pale tao badala ya kungoja lifti, ukienda sokoni kwa miguu na kurudi na mzigo. Yote inaingia.

Ushahidi wa zamani wa haya maneno unatoka kwa watu tunawajua vizuri, dereva na makanga. Daktari mmoja wa Uingereza anaitwa Jeremy Morris alifuatilia wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa, na mwaka wa 1953 akachapisha alichopata: makondakta, ambao walikuwa wanapanda na kushuka mamia ya ngazi kila siku, walikuwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva waliokaa kwa kiti siku nzima. Kampuni ni hiyo hiyo, basi ni hilo hilo. Watu wakauliza kama pengine madereva walikuwa wanene tangu mwanzo, na Morris akaenda akaangalia hadi saizi za suruali za yunifomu, na ni kweli madereva walikuwa na viuno vikubwa, lakini hata ukilinganisha mwembamba na mwembamba, mnene na mnene, kondakta bado alikuwa afadhali.

Sasa mwangalie makanga wa Jogoo Road asubuhi. Anashuka kabla gari isimame, anaita abiria, anagonga bodi, anaikimbilia ikiwa imeshaanza kutoka, anapita katikati ya viti akikusanya pesa huku ameinama, anashuka tena, na hiyo ni hadi usiku. Dereva naye yuko hapo hapo kwa jam, mguu kwa klachi, na labda hata chakula cha mchana analetewa kwa dirisha. Sisemi mtu aige kuning'inia mlangoni, hiyo inaua, na makanga wetu wana moshi na mambo mengine yanayowamaliza. Lakini kama wewe ni dereva, kusimama na kuzunguka gari dakika chache kila mkifika steji ya mwisho si kupoteza wakati, na ni vile vile kwa mtu wa ofisi ama wa duka anayekaa kwa kiti siku nzima.

Alafu kuna hatua 10,000. Watu wananunua saa, wanafika 6,000, wanajiona wameshindwa. Hiyo namba haikutoka kwa daktari, ilitoka Japani, kwa kifaa cha kuhesabu hatua kilichoanza kuuzwa 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, na ilishika juu ni namba nzuri ya kuuza. Mwaka wa 2019 watafiti wa Harvard wakiongozwa na I-Min Lee walitoa utafiti wa kina mama wazee, wastani wa miaka 72, na waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wa 2,700, faida ikaendelea kupanda hadi karibu 7,500 alafu ikatulia hapo. Kwa hivyo shosho anayeenda kanisani na kurudi kwa miguu anafanya kitu cha maana, msimwambie akae apumzike. Na kijana ukifika 10,000 ni vizuri, endelea, ila 6,000 si kufeli.

Kujifunga nailoni tumboni na kuvaa jaketi nzito ndio utoke jasho jingi, hapana. Jasho ni maji mwili unatoa ndio upoe. Mizani itashuka kidogo, ukinywa maji inarudi, na kwa jua la mchana unaweza zimia. Sit-ap nazo zinakaza misuli ya tumbo lakini hazichagui mafuta ya hapo peke yake. Maji moto na ndimu asubuhi? Kunywa kama unayapenda, ila hayayeyushi mafuta.

"Ugali usiku unanenepesha." Hapa tunasingizia ugali bure. Kinachobeba uzito zaidi ni kiasi cha chakula chote unachokula kwa siku, na kwa jikoni zetu mimi ningeangalia sufuria ya sukuma kwanza. Kitunguu kinaelea kwa mafuta, nyanya inaingia, sukuma inaingia, na mwisho unaona mafuta yamebaki chini ya sahani yakimeta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni karibu kalori 120, yawe ya alizeti ama ya bei gani, na hapo vimeingia vinne bila mtu kupima. Na ile chupa imeandikwa haina kolesteroli isikudanganye, mafuta yanayotokana na mimea hayanaga kolesteroli tangu lini na lini, kalori ziko pale pale. Pima kwa kijiko badala ya kumimina, na sukuma usiipike hadi ibadilike rangi. Hiyo peke yake, kwa familia inayopika kila jioni, ni mabadiliko makubwa.

Chai nayo. Kibandani asubuhi kikombe ni kile kikubwa, na chai mara nyingi inakuja imeshawekwa sukari, mtu anaonja, anaongeza kijiko. WHO wanasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu unazopata kwa chakula, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi, hiyo ni kama gramu 25, vijiko sita vidogo kwa siku nzima. Kwa vikombe viwili tu wengi wetu tumemaliza, na soda ya kola ya nusu lita inaweza kuwa na kama vijiko 12 peke yake. Kubadilisha na asali ama sukari nguru haisaidii vile watu wanafikiria, hizo pia zinahesabiwa kama sukari. Mwambie mama wa kibanda akupe chai bila, uweke mwenyewe, na upunguze nusu kijiko, ulimi utazoea baada ya wiki kadhaa, kweli unazoea.

Na kitu hakisemwi sana: chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwa ndengu, maharagwe na mboga. Wasichana na kina mama wajawazito wanahitaji hayo madini sana. Ngojeni kama lisaa baada ya kula, na kwa sahani muweke kachumbari ama kipande cha chungwa, vitamini C inasaidia chuma kuingia.

"Mwanamke akibeba uzito atakuwa na mwili wa mwanaume." Mwili wa mwanamke hauna homoni za kiume za kutosha kufanya hivyo. Misuli inapungua na umri kwa sisi wote, na WHO wanataka zoezi la nguvu angalau siku mbili kwa wiki. Kuketi na kusimama kwa kiti bila kushika kitu, mara kumi, inatosha kuanzia.

Ya mwisho inanisumbua kuliko zote: "presha ningekuwa nayo ningejua." Presha kwa wengi haina dalili yoyote. Pitia kemisti ama kliniki iliyo karibu na kwako, usipimwe ukiwa umetoka kupanda ngazi ama kunywa chai, keti dakika tano bila kuongea, miguu chini, mkono juu ya meza, wapime mara mbili. Ikisoma 140 kwa 90 ama zaidi, rudi siku nyingine upimwe tena, na ikibaki hapo muone daktari. Punguza chumvi, jumla isifike kijiko kimoja kidogo kwa siku pamoja na ile ya mchuzi miksi na ya kunyunyiza kwa chipsi. Na kama ulishapewa dawa usiziache juu umeanza kutembea, mwambie daktari unatembea, apime yeye aamue kama zinapunguzwa.