Kabla hujaigeuza nyumba ya Mji Mkongwe kuwa maktaba au zahanati

Malalamiko yamezidi ofisini kwetu, tunakotoa vibali vya ujenzi vya Mji Mkongwe, Zanzibar. Majirani wanaleta taarifa kuwa nyumba fulani inavunjwa ukuta usiku, asubuhi tukifika tunaambiwa "tunapaka rangi tu". Najua nia mara nyingi ni njema, mtu anataka darasa au zahanati, na sisi tunalitaka sana hilo mana nyumba isiyokaliwa haichukui muda inaanza kuvuja na kuporomoka.

Kubadili matumizi sio jambo geni Unguja. Ngome Kongwe waliijenga Waomani baada ya kumtoa Mreno 1698, ikawa gereza, ikatumiwa na reli ya Bububu, ikawa klabu ya wanawake, leo watu wanaangalia muziki na filamu mle ndani na inawezekana kwa sababu uwanja ni mpana na umati unakaa chini kwenye ardhi, hakuna dari inayowabeba. Ile Zahanati ya Zamani kule Mizingani nayo, mfanyabiashara Tharia Topan aliweka jiwe la msingi 1887, ikamalizika 1894 yeye ashafariki, baadae ikawa zahanati chini na makaazi juu, ikachakaa vibaya mpaka shirika la Aga Khan Trust for Culture wakaikarabati, kazi ikaisha 1996 ikawa kituo cha utamaduni.

Sasa tuje kwenye boriti, miti inayobeba sakafu ya juu. Vyumba vyetu vina upana wa kama mita 3 au chini kidogo kwa sababu ndo urefu wa boriti ya mkoko. Mtu anaona ukuta wa karibu nusu mita anasema hii haianguki hata iwekwe lori. Jamani, ukuta haubebi kabati lako la vitabu, linabebwa na boriti, na boriti huanza kuoza kwenye ncha iliyozama ukutani ambako huoni kitu. Fundi anaisukuma bisibisi pale kwenye ncha, ikizama kama kwenye keki boriti hiyo imekwisha, hata kama katikati inang'aa. Kwa hiyo vitabu na foleni ya wagonjwa viweke ghorofa ya chini, juu weka ofisi ya watu wachache.

Na simiti! Hili tunalisema kila siku na bado. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unanyonya unyevu na kuutoa, ukiupiga plasta ya simiti maji na chumvi vinafungiwa ndani, vinapanda juu, mwisho plasta inabanduka na ukuta wake. Simiti kuwa ngumu ndo ubaya wenyewe hapa.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu, iliporomoka wakati ukarabati unaendelea, watu wawili wakafariki. Siwezi kueleza sababu hapa, ila asije mtu kuniambia kibali ni usumbufu.

Utaratibu sasa. Kubadili matumizi kunataka kibali hata kama hugusi ukuta. Unaleta uthibitisho wa umiliki, na kama nyumba ni ya wakfu unaanza kwanza Kamisheni ya Wakfu, halafu michoro miwili, nyumba ilivyo na utakavyo iwe, vyoo na mabomba yaonekane mana hapo ndo mnapoharibu zaidi, tangi la maji juu ya paa la zamani hatupitishi bila ya maelezo ya mhandisi, na mlango wa kuchonga hautoki pale ulipo, hata kwa "kuusafisha". Ukianza bila ya kibali unasimamishwa kwa maandishi, ukiendelea ni mahakamani, na unaweza kuamriwa urudishe kilichovunjwa kwa pesa zako, kwa chokaa, sio kwa simiti. Kuwa jengo ni la taasisi ya umma au la msaada hakubadilishi kitu.

Njooni kabla hamjamlipa fundi advansi. Chukueni vipimo na picha za boriti za kila chumba, hata kile kilichofungwa miaka kwa sababu kinavuja, hicho hasa ndo tunachotaka kukiona.